Zumari Kumi na Mbili Jangwani

Njeri alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza naegesha gari kazini, akaniambia Kioko amefariki. Alijilaza Jumapili mchana baada ya kanisa, hakuamka tena. Njeri hakuzungusha maneno. Tumejuana zaidi ya miaka ishirini, na anajua mimi ni nesi, habari za vifo napewa zikiwa zimenyooka. Alichokizungusha ni swali. Aliniuliza kama nitakwenda Arlington msibani, na kabla sijajibu akasema hakuna atakayenilaumu nisipokwenda. Nilimwambia nitakwenda. Baada ya kukata simu nilikaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, nikashangaa kwamba kilichonijia kwanza hakikuwa uso wake. Niliisikia sauti fulani, nzito na ndefu, ambayo sijapata kumweleza mtu yeyote, hata mume wangu. Nimeishi nayo tangu nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na siku ile nilihisi kama mtu mmoja kati ya wawili waliokuwa wakiitunza ameondoka.

Mwaka ule mimi na Njeri tulikuwa tumepanga chumba na sebule Sharpstown, kusini magharibi mwa Houston, ghorofa ya pili, juu ya sehemu ya kufulia, kwa hiyo sakafu yetu ilikuwa na joto kama tumbo la mtu na nyumba nzima ilinukia sabuni. Sote wawili tulikuwa wasaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, yeye zamu ya asubuhi, mimi jioni, na mchana nilisoma. Tulikuwa na kochi moja, sufuria tatu nzuri, na mapazia mazito ya rangi ya chungwa niliyoyashona mwenyewe kwa kitambaa cha turubai, kwa sababu jua la Agosti liliingia mle bila adabu. Mapazia hayo ndiyo yaliyomleta Kioko. Alikuja Jumamosi moja na rafiki yake kutoka Arlington, karibu na Dallas, kwenye nyama choma ambayo Wakenya wa pale waliiandaa nyuma ya majengo, akapanda kwetu kuomba chumvi, akasimama mlangoni akiyatazama mapazia badala ya kututazama sisi. Akauliza nani ameshona. Njeri akaninyooshea kidole. Kioko akaja akageuza pindo, akalivuta kwa nguvu zake zote, na mshono haukuachia.

Aliporudi chini alikaa nami kwenye ngazi, sahani ya nyama magotini, akanieleza. Alikuwa mchomeleaji katika karakana ya matrela kule Fort Worth, na kila alipopata nafasi alikusanya mabomba ya chuma yaliyotupwa kwenye visima vya mafuta. Alitaka kutengeneza zumari kumi na mbili, ndogo kabisa ikiwa kimo cha mtu na kubwa kabisa ikipita nyumba ya ghorofa mbili, azisimamishe kwenye tamasha la sanaa linalofanyika jangwani, magharibi ya mbali ya Texas, kila majira ya kuchipua. Kila zumari ingezunguka juu ya ekseli ya trela, na nyuma yake ingekuwa na bawa la turubai la kuigeuza ielekee upepo unakotoka. Chuma aliweza. Mabawa hakuyaweza. Watu waliomsikia walicheka, mmoja akauliza nani atazipiga hizo zumari, na Kioko akajibu bila kuudhika kwamba ni upepo. Aliongea polepole, kwa Kiswahili cha Machakos kilichochanganyika na Kiingereza cha karakana, na alikuwa na tabia ya kukukazia macho mpaka umalize sentensi yako. Sikuwa nimezoea kusubiriwa namna hiyo. Nilisema nitashona, ingawa sikuwa hata na cherehani.

Cherehani ilikuwa ya Mama Furaha, Mkongomani aliyeishi Gulfton, mwendo wa dakika kumi kwa basi. Alikuwa fundi wa nguo za harusi, mjane mwenye mikono mikubwa, na sebule yake ilijaa kitambaa kiasi kwamba wageni walikaa juu ya majora. Alinifundisha kushona turubai mara tatu, mshono juu ya mshono, kwa uzi uliopakwa nta, na kila nilipotaka kuishia mara mbili alinipiga kofi dogo la mkononi. Kila baada ya Jumamosi mbili Kioko aliendesha mwendo wa saa nne kutoka Arlington na turubai nyuma ya lori lake, na tulilitandaza sakafuni, yeye akichora kwa chaki, mimi nikikata, Mama Furaha akituamuru kutoka jikoni alikokuwa akipika sombe, majani ya muhogo, na samaki wa kukausha. Tulikula sote kutoka bakuli moja kubwa. Nakumbuka mvuke ukipanda kwenye vioo, na redio ya jirani ikipenya ukutani, na Kioko akijifunza kumega ugali wa muhogo bila kuungua. Siku moja alipotoka kwenda kuchukua kamba kwenye lori, Mama Furaha aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Huyu bwana anakuya juu ya turubai, ao juu yako?" Nilimwambia anakuja kwa ajili ya turubai. Akasema basi turubai hiyo ina bahati.

Nikijiuliza leo ni lini hasa nilimpenda, narudi kwenye Ramadhani ya mwaka ule. Alikuja kama kawaida, akanikuta nimefunga. Mama Furaha, ambaye ni Mkristo kama yeye, alimpakulia chakula saa saba mchana akakiweka mezani. Kioko aliendelea kuchora. Kila Mama Furaha alipomkumbusha alisema bado. Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani chumba cha pili, nikamsikia akimwambia kwa sauti ya chini kwamba hana njaa, nami nilijua tangu Arlington hakuwa ametia kitu mdomoni. Jua lilipozama tukafungua pamoja kwa tende na maji, na aliinywa ile bilauri ya kwanza kwa namna ambayo ilibidi nitazame pembeni. Hakuitangaza saumu yake wala hakuitania. Kuanzia hapo kila Jumamosi aliyokuja mwezi ule alifanya vilevile, na mimi nikaanza kuzihesabu Jumamosi kama mtoto anayehesabu siku za Idi.

Yapo niliyoyasikia na sikuyapa uzito. Mara mbili au tatu nilimsikia akizungumza kwa simu kwenye ngazi za Mama Furaha, kwa Kikamba, lugha nisiyoijua, na ndani ya maneno yake lilijirudia neno moja, Mwende. Nilimuuliza Njeri maana yake. Akasema ni jina, na pia linamaanisha mpendwa, labda anaongea na dada yake. Nilipomuuliza mwenyewe alisema ni mtu wa nyumbani, akainama kuokota mkasi. Niliridhika, kwa sababu hofu yangu ilikuwa imeelekea kwingine kabisa. Nilikuwa Mwislamu, yeye mtoto wa mchungaji. Nililala nikitunga maneno nitakayowaambia watu wangu, na maneno atakayowaambia wake, na kila usiku nilishinda hoja.

Tulikwenda jangwani mwezi wa tatu, Jumamosi, kila mtu akiwa ameomba likizo ya siku tisa. Alikuwa ameshapeleka mabomba wiki mbili kabla, kwa hiyo lori lilibeba mabawa na sisi. Tulitoka Houston alfajiri, tukapita San Antonio, na baada ya hapo nchi ikaanza kuvua nguo: miti ikawa vichaka, vichaka vikawa miiba, miiba ikawa mawe, mpaka ikabaki ardhi ya rangi ya ngozi ya simba na anga. Nimezaliwa pwani, nilidhani najua uwazi. Sikuujua. Tulisimama kando ya barabara ili Kioko aangalie tairi, nikatembea hatua mia hivi, na nilipogeuka lori lilikuwa dogo kama kiatu na sikusikia chochote isipokuwa damu yangu masikioni. Kioko alinikuta nimesimama vile. Alisimama kando yangu mpaka nilipokuwa tayari kuondoka.

Tamasha lilikuwa kwenye shamba la ng'ombe, mahali pasipo na simu isipokuwa ile ya nyumba ya mwenye shamba, ambayo ndiyo ilikuwa ofisi. Watu labda mia tatu walikuwa wakijenga vitu vyao: mnara wa viti vibovu, samaki wa vioo mrefu kama basi, tanuri la udongo lenye umbo la mwanamke aliyepiga magoti. Hilo tanuri lilikuwa la jirani yetu, Elvira, mfinyanzi mzee kutoka El Paso, aliyetupa maharage na tortila siku ya kwanza bila kuuliza sisi ni nani kwa nani. Mimi nililala kwenye hema, Kioko kwenye lori. Kreni ilisimamisha zumari moja moja kwa siku mbili, na mimi nilipanda ngazi kuyafunga mabawa kwa vitanzi nilivyovishona. Jumatatu jioni upepo kidogo uliigusa ile ndogo kabisa. Haikulia, ilitetemeka tu. Kioko aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye chuma, akauacha wake juu yake, na mtetemo ule ukapanda mpaka begani kwangu. Hakuwa amewahi kunigusa kabla ya hapo. Alisema zikishasimama zote anataka tukae tuzungumze. Nilisema sawa. Sikulala, na sikuona haja ya kulala.

Jumanne mchana nilikwenda ofisini kuchota maji. Mama mmoja wa pale aliponiona akauliza kama mimi ni wa zile filimbi, akanipa kipande cha karatasi alichoandikia ujumbe wa simu. Aliyepiga alikuwa Mkenya aliyekuwa akiishi na Kioko Arlington. Haukuwa umekunjwa, kwa hiyo niliusoma. Mwende, jina likiwa limeandikwa kombo, amepata viza. Mkeo anafika uwanja wa ndege wa Dallas Alhamisi asubuhi. Kaka yake amekata tiketi. Hongera.

Kutoka ofisini mpaka kwenye zumari ni kama nusu maili. Nilitembea na dumu la maji mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Nilikuwa katikati ya njia upepo ulipoanza, na kwa mara ya kwanza zikalia. Iliyotangulia ilikuwa nyembamba, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa, ikafuatiwa na ya pili, halafu niliona mabawa yangu yakigeuka yote pamoja, kumi na mbili, kwa utulivu, kama watu wanaoitwa jina, na ile kubwa ikafungua kinywa. Sauti yake sikuisikia kwa masikio kwanza. Niliisikia kwenye nyayo. Kila mtu kwenye lile bonde aliacha alichokuwa akikifanya. Niliona wenye nyundo wakizishusha. Nami nilikuwa nimesimama na karatasi ile, moyo umepasuka, na papo hapo nikiwa nimejawa na jambo kubwa kuliko moyo wangu, na mpaka leo sijui kuyatenganisha hayo mawili.

Kioko alikuwa amepiga magoti chini ya ile kubwa, analia waziwazi. Nilisubiri. Niliona si haki kumkatiza. Upepo ulipotulia nikampa karatasi. Aliisoma, akaisoma tena, akakaa mchangani.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Kila Jumamosi."

Akanieleza, na sikumzuia. Walioana kimila miaka minne nyuma na kisheria mwaka uliofuata. Mwende alinyimwa viza mara mbili. Alijua kuna usaili wa tatu lakini hakuuamini, na kidogo kidogo alianza kuishi kama mtu ambaye hangojei mtu. Hakusema hakunipenda. Ningefurahi kama angesema, ningepata pa kumshikia. Alisema yale mazungumzo aliyoyataka yalikuwa hayahaya, ya kuniambia yupo Mwende, na kuniuliza afanye nini. Nikamwambia la kufanya ni kwenda uwanja wa ndege.

Ndipo ikaja shida ya zumari. Tamasha lingefunguliwa kwa watu Alhamisi mpaka Jumapili, na sharti lilikuwa kila kazi inayosogea iwe na mlinzi, la sivyo ishushwe. Kioko alisema watazishusha, atanipeleka mpaka Fort Stockton nipande basi la Houston. Nilizitazama. Nilikuwa nimetoboa vidole vyangu kwa miezi saba. Nilimwambia aende peke yake, mimi nabaki. Alidhani ni hasira, akaanza kuniomba msamaha upya. Nilimwambia mabawa ni yangu na nimeyaona yakifanya kazi mara moja tu, na hilo lilikuwa kweli tupu. Aliondoka Jumatano alfajiri. Aliniachia maji, koti lake la karakana na kisu. Nilisikiliza lori mpaka lilipoisha, na katika nchi ile huchukua muda mrefu sana kuisha.

Siku nne nilizilinda. Nilijifunza kwamba asubuhi upepo hutoka kusini na zile ndogo huamka kwanza, zikinong'onezana. Kwamba saa sita hunyamaza zote. Kwamba saa tisa kubwa huanza kuguna kabla hujauhisi upepo usoni. Watu walikuja wakiwa wanaongea, wakinyamaza kabla ya kufika. Ijumaa nilitandika kipande cha turubai nikaswali adhuhuri chini ya kimya chake, na nilipoinua kichwa kutoka sijda sikuomba nirudishiwe chochote, jambo lililonishangaza mwenyewe. Mchana huohuo alikuja mwanamke kiziwi na mumewe. Aliweka paji la uso kwenye bomba kubwa, akalikumbatia, akabaki hivyo karibu nusu saa. Alipoondoka aliandika kwenye kijidaftari chake akanionyesha: Wewe ndiye uliyeitengeneza? Nilichukua kalamu nikaandika kwamba ameitengeneza rafiki yangu. Nikafuta. Nikaandika, Tuliitengeneza wawili.

Jumamosi jioni mapema ukaja upepo ambao wenyeji waliuona kabla yangu. Upande wa magharibi palisimama ukuta wa vumbi jekundu, kutoka ardhini mpaka juu mbinguni, na watu wakaanza kukimbilia magari. Zumari zilipanda sauti mpaka zikawa haziimbi tena, zinapiga kelele, na nguzo zikaanza kucheza kwenye mashimo yake. Niliona wazi kwamba mabawa ndiyo yanayozivuta, na kwamba zikianguka zitaua mtu. Nilikata vitanzi kwa kile kisu. Mshono wa Mama Furaha haukutaka kuachia. Kila kitanzi kilinigharimu. Elvira alitoka kwenye gari lake akaja kunishikia ngazi, kitambaa mdomoni, akiomba kwa Kihispania. Moja baada ya jingine yalipaa, mapana kama mapaa ya nyumba, yakageuka mara moja kwenye lile vumbi jekundu yakatoweka. Kumi na moja niliyakata. La kumi na mbili liling'oka na bomba lake, la kimo cha mtu, likaanguka pasipokuwa na mtu. Kisha kimya. Nilikaa chini nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na Elvira alinisafisha macho kwa maji yake ya kunywa, akaniambia kwa Kiingereza kwamba katika miaka yote ya kuja pale hajaona kitu kizuri kama yale mabawa yakiondoka. Nilitaka kumkatalia. Lakini nami nilikuwa nimeuona uzuri huo.

Elvira alinifikisha kwenye basi. Nyumbani Njeri alinitazama mara moja, akanibandikia maji ya kuoga, akaniepusha na maswali yote kwa kutoniuliza hata moja kwa wiki nzima. Mama Furaha aliniuliza moja tu, kama nilichoshona kilipaa. Nilisema kilipaa. Akasema basi ni kazi nzuri, akanipa gauni la mtu nipinde chini. Majira ya joto nilifaulu mtihani wa uuguzi. Kioko alikwenda kuyachukua mabomba, hakuyasimamisha tena. Alipata watoto watatu na karakana yake mwenyewe. Nilimwona mara mbili maishani baada ya hapo, kwenye harusi za watu, tukasalimiana kama watu wazima. Nami niliolewa na mtu mwema, na sikuwahi kujiona nimepunjwa.

Arlington nilifika Jumamosi mchana. Nyumba ilijaa waombolezaji, viatu mlangoni, chai ya maziwa kwenye madumu makubwa ya kanisa, watoto wakijibu wazee kwa Kiingereza. Nilikuwa nimejipanga kutoa pole, kukaa dakika kumi, na kuondoka. Mwende alikuwa amekaa katikati ya akina mama, kitambaa cheusi kichwani, uso umechoka. Nilipomtajia jina langu alisimama, akanishika mkono, akanipitisha katikati ya watu wote mpaka chumbani ambako makoti ya wageni yalirundikwa kitandani, akafunga mlango. Nilijua ameshaelezwa. Nilingoja aniulize lile ambalo mwanamke yeyote angeuliza, na nilikuwa tayari kumjibu ukweli wote, mzuri na mbaya.

Alisogeza makoti tukapata pa kukaa.

"Aliniambia tangu wiki ya kwanza," alisema. "Alisema alizisikia alasiri moja tu, akaja kunipokea. Akasema kuna mtu alibaki kuzisikiliza kwa ajili yake. Miaka yote hii alijaribu kunieleza, akashindwa. Dada, zilikuwa zinaliaje?"

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Nilianza na asubuhi, na zile ndogo, upepo ukitoka kusini. Nilikuwa nakwenda haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Mwende aliniwekea mkono gotini, akafumba macho.

"Pole pole," alisema. "Anza tena."

Nikaanza tena.